Kung'oa nanga

Pale Port Bell, gati la Luzira lililopewa jina la Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza, meli ya mabehewa MV Umoja kutoka Mwanza hufungwa kwa kamba. Kamba zikifunguliwa, husemwa meli imeng'oa nanga, hata kama nanga yenyewe haikugusa tope.

Nanga ni neno la Kiajemi, langar, kama bandari ilivyotokana na bandar. Lakini utamu wote uko kwenye kitenzi. Hatukuridhika na kuinua wala kuvuta. Twasema kung'oa, kama jino, kama mhogo: kitu kilichoshika chini kwa mizizi. Naamini msemo huu ulitungwa na mikono ya mabaharia wa majahazi, walioijua nguvu ya tope.

Leo magazeti ya Kenya huandika kwamba ligi imeng'oa nanga, yaani imeanza. Ni matumizi halali, nami nayapenda. Ila anayeandika ligi "imetia nanga" kwa maana hiyo hiyo amekosea: kutia nanga ni kufika na kutulia.