Mtetezi wa Imani Isiyo Yake

Msomaji mpendwa, simama siku moja katikati ya jiji la Nakuru, utazame pande zote. Utasikia adhana ya msikiti, utaona misalaba ya makanisa, hekalu la Wahindu na nyumba ya ibada ya Masingasinga. Mchanganyiko huu si wa jana. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika hapa mwaka wa 1900, na kwa njia hiyo walikuja vibarua, askari, wachuuzi na wahubiri wa kila namna. Tangu siku hizo watu wa imani mbalimbali wameuziana nafaka, wametibiana maradhi na wamefundishiana watoto. Lakini kuishi jirani na mtu ni jambo moja. Kusimama mbele ya wenye nguvu na kusema, "Huyu si wa dini yangu, lakini haki yake isiguswe," ni jambo jingine, zito zaidi. Nataka tulichunguze jambo hilo la pili, kwa kuwa mwenye kulifanya hushukiwa mara mbili: hushukiwa na watu wake, na hushukiwa na wale anaowatetea.

Tuanze na kisa cha zamani kilichotokea katika Afrika yetu ya mashariki. Karibu na mwaka wa 615, Waislamu wa kwanza waliokuwa wakiteswa Makka walivuka bahari wakakimbilia Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo aitwaye Najashi. Makureshi wakatuma wajumbe wawili wenye zawadi kwenda kuwadai wakimbizi wale. Wajumbe walipoona mfalme hatikisiki, walitumia silaha iliyo kali kuliko zawadi: walimwambia kwamba watu hao husema neno baya juu ya Isa. Jaafar bin Abi Talib akaeleza mbele ya mfalme imani yao ilivyo, bila kuipunguza wala kuificha. Najashi akazirudisha zawadi, akawaacha wakimbizi wakae kwa amani. Mapokeo yasimulia pia kwamba baadhi ya raia zake walimwinukia, wakimshtaki kuwa ameiacha dini yao. Waislamu huamini kwamba mwishowe alisilimu. Hata hivyo, ulinzi ule ulitolewa na mfalme Mkristo kwa watu ambao dini yao ilikuwa ngeni kwake. Weka moyoni shtaka lile la raia zake, maana utalikuta tena karne 14 baadaye.

Sasa tuje kwa Wabahai. Dini yao ilizaliwa Uajemi, nchi iitwayo leo Iran, katika karne ya 19. Mwaka wa 1844 kijana wa mji wa Shiraz aliyejulikana kwa jina la Bab alitangaza ujumbe mpya. Akauawa kwa kupigwa risasi mjini Tabriz mwaka wa 1850. Baada yake alitokea Bahaullah, ambaye mwaka wa 1863 alitangaza kwamba yeye ndiye mjumbe aliyetabiriwa na Bab. Hapa ndipo penye shina la ugomvi. Waislamu huamini kwamba Muhammad ndiye mwisho wa manabii; Wabahai huamini kwamba Mungu ametuma mjumbe baada yake. Tofauti hiyo si ndogo, wala haifai mtu aifanye ndogo ili kuwapendeza watu. Mwislamu anayemtetea Mbahai hasemi kwamba tofauti haipo. Anaiona, tena kwa macho mawili, na bado anatetea.

Juu ya ugomvi wa imani likaongezwa shaka la siasa. Mwaka wa 1868 serikali ya Waturuki ilimhamishia Bahaullah katika gereza la Akka, mahali alipoishi uhamishoni, naye akafa karibu na mji huo mwaka wa 1892. Ndiyo sababu makao makuu ya Wabahai yapo Haifa na Akka. Dola ya Israel iliundwa mwaka wa 1948, miaka 80 baada ya mfungwa yule kufikishwa pale. Lakini adui wa Wabahai huitazama ramani ya leo bila kuitazama kalenda, akasema, "Makao yao yapo Israel, basi hao ni wapelelezi." Mwanafunzi wa historia na ajifunze hapa faida ya kuuliza tarehe: shaka nyingi huishi kwa sababu hakuna aliyeuliza jambo lipi lilitangulia lipi.

Habari hizi za mbali zimegusa nchi zetu. Mwaka wa 1951 Wabahai wa kwanza kutoka Uajemi walifika Kampala. Miaka minne baadaye, katika mwezi wa Ramadhani mwaka wa 1955, mahubiri makali dhidi ya Wabahai yalitangazwa kwa redio ya Tehran, na kuba la jengo lao katika mji huo likabomolewa kwa sururu huku wakubwa wa jeshi wakishiriki. Wabahai walikuwa wametumaini kujenga hekalu Tehran. Njia ilipozibwa, waliamua kujenga Kampala. Hekalu hilo lililo juu ya kilima cha Kikaya lilifunguliwa mwaka wa 1961. Mwaka wa 1977 Idi Amin alipiga marufuku dini na madhehebu mengi nchini Uganda, na dini ya Kibahai ikawa miongoni mwao, mpaka alipoanguka mwaka wa 1979. Na sisi wa Bonde la Ufa hatuko mbali: ukitoka Nakuru ukaipita Eldoret kuelekea Kitale, utafika jirani na Matunda Soy, ambako Wabahai wa Kenya walifungua hekalu lao mwezi wa Mei mwaka wa 2021.

Mateso hayakukoma kule dini hiyo ilikotoka. Katiba ya Iran ya mwaka wa 1979 iliwataja Wazoroasta, Wayahudi na Wakristo kuwa dini ndogo zinazokubaliwa, Wabahai haikuwataja. Katika miaka iliyofuata zaidi ya Wabahai 200 waliuawa. Mwezi wa Juni mwaka wa 1983 wanawake 10 walinyongwa mjini Shiraz, na mdogo wao, Mona Mahmudnizhad, alikuwa na umri wa miaka 17. Katika makosa aliyoshtakiwa ni kufundisha watoto dini yao. Fikiri, msomaji: huo ndio umri wa wengi wenu mnaosoma kurasa hizi.

Katika Misri dhuluma ilivaa vazi jingine, vazi la karatasi. Kila raia alihitaji kitambulisho, na kompyuta za serikali zilikubali dini tatu tu: Uislamu, Ukristo na Uyahudi. Mbahai angeweza kuandika neno moja la uongo akapata kadi yake, lakini imani yake humkataza kuikana. Basi wengi walikosa kadi, na watoto wakakosa vyeti vya kuzaliwa vya kuwaingiza shuleni. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2006 mahakama iliwapa haki. Mwezi wa Desemba mahakama ya juu ikaitengua hukumu hiyo. Mwaka wa 2007 vijana Waislamu, wakiongozwa kutoka Bahrain, waliunda chama cha kutetea haki za Wabahai. Mnamo tarehe 29 Januari 2008 mahakama iliruhusu watoto pacha wawili waandikiwe kistari mahali pa dini, na hukumu ya mwisho ikathibitishwa tarehe 16 Machi 2009. Kistari kidogo tu! Lakini kistari kile kilikuwa mlango wa shule.

Wako Waislamu wa Bonde la Ufa ambao hawahitaji kuelezwa uchungu huo. Huko Eldama Ravine, si mbali na Nakuru, wanaishi Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Ni karibu na kituo hicho cha Ravine kwamba askari wa Kisudani waliasi mwaka wa 1897, baada ya kuchoshwa na safari na malipo duni. Miaka mingi baada ya uhuru, kijana wa Kinubi aliyetaka kitambulisho aliitwa mbele ya wazee na maofisa ili athibitishe kwamba yeye ni Mkenya, jambo ambalo jirani yake hakuombwa. Mashirika mawili ya nje, moja la Banjul na jingine la New York, yaliipeleka kesi ya watoto wa Kinubi mbele ya kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto, na mwezi wa Machi mwaka wa 2011 kamati hiyo ikaamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto hao. Watetezi wale hawakuwa Wanubi. Haki ya mtoto wa Kinubi ilitetewa na wageni, kama ya mtoto wa Kibahai ilivyotetewa na Waislamu.

Sasa turudi Iran, tuwatazame watetezi wawili. Wa kwanza ni Ayatollah Montazeri, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa amechaguliwa kumrithi Khomeini mpaka alipoondolewa mwaka wa 1989. Mwaka wa 2008 aliandika kwamba Wabahai si watu wa Kitabu, lakini ni raia. Wana haki ambayo Waajemi huiita haki ya maji na udongo, nao wastahili huruma ya Kiislamu. Yatazame maneno hayo vizuri. Hakusema kwamba imani yao ni sahihi, bali alisema kwamba nchi ni yao pia. Lakini je, Mbahai mzee wa Najafabad, mji wa Montazeri, angeyapokeaje? Katika miaka ya 1950 Montazeri huyo huyo alishiriki katika juhudi za kuwasusia Wabahai wa mji huo katika biashara. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Shaka ya mzee kama huyo isingekuwa utovu wa shukrani; ingekuwa kumbukumbu.

Mtetezi wa pili ni Shirin Ebadi, mwanasheria Mwislamu aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2003. Viongozi saba wa Wabahai walipokamatwa mwaka wa 2008, yeye na wenzake walikubali kuwatetea. Mwezi wa Agosti mwaka huo shirika la habari la serikali lilitangaza kwamba binti yake ameingia dini ya Kibahai. Je, hulitambui shtaka hili? Ndilo lile la raia wa Najashi: ukimtetea mtu, basi umeifuata dini yake. Ebadi alilikanusha. Mwezi wa Desemba ofisi yake ya utetezi ilifungwa kwa nguvu, na tangu mwaka wa 2009 ameishi nje ya nchi yake. Mwenzake katika kesi hiyo, Abdolfattah Soltani, alitiwa gerezani mwaka wa 2011, akatoka mwaka wa 2018. Viongozi wale saba walihukumiwa mwaka wa 2010, kila mmoja akakaa gerezani takriban miaka 10.

Kwa nini, basi, aliyeteswa asimwamini mara moja anayemjia kwa msaada? Sababu mojawapo nimekwisha kuitaja: historia imemfundisha. Sababu nyingine ni kwamba watetezi wengi wa Wabahai walikuwa pia wapinzani wa serikali zao, ilhali Wabahai hujitenga na siasa za vyama kwa amri ya dini yao. Wapaswa kuuliza: je, mtu huyu anitetea mimi, au anitumia kama fimbo ya kumpigia adui yake? Swali hilo ni halali. Anayetetea kwa moyo safi hakasiriki akiulizwa, wala hadai kuaminiwa kwa sababu tu amesema maneno mazuri.

Imani kati ya watu haijengwi kwa hotuba. Naona kwamba hujengwa kwa gharama. Soltani alilipa miaka ya maisha yake, na Ebadi alilipa nchi yake. Mwenye kutafuta sifa huacha kazi bei inapopanda. Ndipo wahenga wakasema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tena hujengwa kwa ukweli: mtetezi aseme waziwazi wapi wanahitilafiana, kama Jaafar alivyomweleza Najashi imani yake bila kuificha. Atakayekuambia kwamba dini yako na yake ni moja, hali sivyo, huenda kesho akakuacha atakapogundua kwamba ni mbili. Bali yule aliyekutetea akiijua tofauti, hana jambo jipya la kugundua.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inasema, katika kifungu cha 8, kwamba hakuna dini ya serikali, na katika kifungu cha 32, kwamba kila mtu ana uhuru wa dhamiri na dini. Hayo ni maandishi mema. Lakini Nakuru yajua kwamba maandishi hayatoshi. Mwezi wa Januari mwaka wa 2008, makabila yalipopigana hapa na watu kwa maelfu wakakimbilia uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho, sheria zilikuwapo. Kilichomwokoa mtu siku kama hizo ni jirani aliyefungua mlango wake, akijua kwamba watu wake mwenyewe wangemwita msaliti.

Kijana msomaji, pengine hutakutana kamwe na Mbahai. Lakini katika darasa lako yumo mmoja ambaye sala yake, chakula chake au lugha yake si ya wengi. Siku atakapodhulumiwa, hutaombwa uikubali imani yake. Utaombwa useme neno moja la haki, na baada ya kulisema huenda watu wako wakakuuliza umehongwa nini, na yeye mwenyewe akakutazama kwa mashaka. Usiudhike. Liseme neno hilo tena siku ya pili.