CORDEX na nyanda za juu za Kigoma

CORDEX ni mpango wa kimataifa unaoratibu modeli za tabianchi za kikanda. Ulianzishwa mwaka 2009 chini ya Programu ya Dunia ya Utafiti wa Tabianchi, na Afrika ndiyo iliyopewa kipaumbele tangu mwanzo. Vituo shiriki hukubaliana kwanza juu ya eneo, vipindi vya miaka na ukubwa wa miraba ya hesabu, takriban kilomita 50. Ndipo kila kimoja kinapoendesha modeli yake na matokeo kulinganishwa.

Kibondo na Kasulu, miji ya mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, ni mtihani mgumu kwa modeli hizo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huitolea Kibondo utabiri wa vuli na masika, pamoja na Kanda ya Ziwa Victoria. Kasulu, upande wa kusini, ina msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili. Mpaka wa misimu unapita ndani ya mkoa mmoja, kati ya miji isiyotengana hata kwa miraba mitatu. Ziwa Tanganyika nalo lina upana wa wastani wa kilomita 50, yaani mraba mmoja tu. Mkulima wa maharage anauliza mvua itaanza lini shambani kwake. Modeli humjibu kwa wastani wa tarafa nzima, na zaidi.

Tathmini ya modeli 10 kwa mvua za Afrika Mashariki, iliyochapishwa 2013, ilionyesha kuwa wastani wa modeli zote kwa jumla hukaribia ukweli kuliko modeli mojamoja. Awamu ya baadaye, CORDEX-CORE, ilipunguza mraba hadi kilomita 25 hivi.