Miiko ya Chakula Katika Uingereza

Wahenga walisema kuwa mwenye njaa hana miiko. Historia ya Uingereza katika karne ya ishirini yatuonyesha upande wa pili wa maneno haya: taifa lililoshika miiko ya chakula wakati wa dhiki, likaiacha wakati wa shibe.

Vita vilipozuka mwaka 1939, visiwa vile vilipata sehemu kubwa ya chakula chao kutoka ng'ambo, na nyambizi za Ujerumani zilizamisha merikebu njiani. Tarehe 8 Januari 1940 mgawo ukaanza kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe ya chumvi. Aprili ya mwaka ule Lord Woolton akashika Wizara ya Chakula, akishauriwa na Profesa Jack Drummond, bingwa wa elimu ya lishe. Hawa hawakutaka watu waponee tu. Walitaka wale vema. Waja wazito na watoto wadogo walipewa maziwa kwa bei nafuu au bure. Mwaka 1942 mkate mweupe uliondolewa madukani, ukaja mkate wa taifa, wa unga uliobakiza asilimia 85 ya punje ya ngano. Bustani za maua zikageuzwa za viazi na karoti.

Je, watu walitii? Naam, walitii, ila kwa manung'uniko. Mkate ule wa kijivu waliuchukia, lakini waliula, kwa kuwa haukuwapo mwingine. Hapa ndipo penye fundisho. Utii ule haukuzaliwa na mahubiri peke yake. Ulizaliwa na mgawo uliompimia tajiri na maskini sukari kwa mizani moja, ingawa mwenye fedha aliweza bado kula hotelini. Tena ulizaliwa na duka lisilokuwa na kishawishi.

Mgawo wa sukari ulikoma Septemba 1953, na wa nyama Julai 1954. Mara ulaji wa sukari ukapanda karibu maradufu, toka gramu 40 hivi kwa mtu kwa siku hadi 80. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science ulionyesha kuwa waliotungwa mimba na kulelewa utotoni chini ya mgawo walikuwa na hatari ndogo ya kisukari cha ukubwani, kwa kadiri ya asilimia 35, kuliko waliokuja baada yake.

Mashauri hayakukoma. Mwaka 2016 serikali ilitoa mwongozo uitwao Eatwell Guide, ukihimiza mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa na nyama kidogo, kwa faida ya mwili na ya mazingira pia. Wataalamu walioyapima maagizo yake 9 walitangaza mwaka 2020 kuwa hakufika hata mtu mmoja katika elfu aliyeyatimiza yote. Kundi kubwa kuliko mengine lilitimiza matatu au manne.

Basi tusifanye haraka kusema kuwa wajukuu wamepotoka kuliko babu zao. Babu ni wale wale waliojipanga mbele ya maduka Februari 1953, peremende zilipoachiwa huru. Tabia ya watu haikubadilika. Kilichobadilika ni duka. Anayetaka watu wafuate shauri jema la chakula, na aanze kwa kutazama kilichowekwa mbele yao, na kwa bei gani.