Nyumba Baridi, Jasho la Nani? Stori ya Nyumba za Mawe za Lamu

Ukifungua kurasa za mapambo ya nyumba siku hizi utakutana na sebule zenye mablanketi mazito, mishumaa na zulia la manyoya, eti hiyo ndiyo nyumba ya raha. Sawa, huko kwenye theluji wana haki yao. Ila mtu wa pwani, jua la mwezi wa pili likiwa utosini, akisema nyumba fulani ina raha huwa ana maana moja tu: ina baridi. Unavua viatu mlangoni, sakafu inakupoza nyayo, harufu ya udi inakufikia kabla mwenyeji hajakuambia karibu.

Watu wa Lamu walilijua hilo zamani. Mji huo wa kisiwani, kaskazini mwa pwani ya Kenya, uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na nyumba zake za mawe nyingi ni za karne ya 18. Zilijengwa wakati hakuna feni, hakuna umeme, hakuna bomba. Na bado ukiingia mchana unahisi kama umetoka nchi moja ukaingia nyingine.

Siri ya kwanza ni kuta. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Ukuta kama huo unalinywa joto la mchana polepole sana, kiasi kwamba jua linazama kabla joto halijafika chumbani. Nje umepakwa chokaa nyeupe, kwa hiyo mwanga mwingi unarudi ulikotoka. Halafu vichochoro ni vyembamba, punda wawili wenye mizigo wakikutana inabidi mmoja ajibanze, na wembamba huo ndio unaofanya nyumba moja iitie kivuli nyumba ya jirani.

Siri ya pili ni mpangilio wa ndani. Ukitoka kichochoroni unaanzia dakani, kibaraza chenye viti vya mawe ambapo wageni wa kiume walipokelewa bila kuisumbua familia. Njia ya kuingilia ina kona, hivyo mpita njia haoni kitu. Kisha unafika kiwanda, ua wa wazi katikati ya nyumba. Hewa ya moto inapanda na kutokea hapo juu, hewa nzuri inavutwa vyumbani. Vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: misana kwanza, halafu ndani. Kila ukipiga hatua kwenda mbele mwanga unapungua na ubaridi unaongezeka. Chumba cha nyuma kabisa, katika nyumba nyingi, ndimo wanawake walimojifungulia na ndimo maiti wa nyumba walimooshwa. Yaani nyumba moja ilibeba maisha yote ya mtu, kuanzia anazaliwa mpaka anatolewa kwenda makaburini.

Vyumba vyenyewe ni virefu lakini vyembamba, na wengi hudhani ni mtindo tu. Hapana. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kupindukia, kwa hiyo upana wa chumba uliishia hapo boriti ilipoishia, mita mbili na nusu hivi au tatu. Mti wa kwenye tope la bahari ndio uliokuwa unaamua ukubwa wa sebule ya tajiri! Boriti hizohizo zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kupakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba, kwa hiyo hata huko kuna nyumba za zamani zenye vyumba vyembamba vilevile.

Ukutani kuna zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa kwenye plasta, safu juu ya safu, vikipangwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Na chooni kuna birika la maji la mawe ndani ya nyumba. Hapa ndipo utavua kofia: ndani ya birika walifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Katika baadhi ya mabirika liliwekwa bakuli la kauri kwenye sakafu yake, maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kupumulia. Dawa ya mbu ya karne ya 18 hiyo, haina harufu na haihitaji kuchomekwa ukutani.

Jiko nalo lilikuwa juu kabisa, darini, chini ya paa la makuti. Moshi unaondoka zake na upepo, familia inalala kwenye hewa safi. Ukilinganisha na jiko la mkaa linalowekwa leo kwenye korido ya nyumba ya kupanga, dirisha moja na watoto watatu wanakohoa, wazee wa Lamu walikuwa mbele yetu.

Lakini sasa, nani alipandisha kuni mpaka darini? Nani alijaza birika?

Hapo ndipo stori za mapambo huwa zinakatika ghafla. Maji hayakuwa yanatiririka yenyewe. Yalitekwa visimani, yakabebwa kichwani au kwa punda, yakapandishwa ngazi, kila siku. Nyumba za matajiri zilikuwa na watumwa, na mpangilio wa nyumba unalisema hilo waziwazi kwa mtu anayetaka kusikia. Katika nyumba za ghorofa, chini palikuwa ghala na mahali pa kulala watumwa: giza, unyevu, hewa haba. Mwenye nyumba na familia yake walikaa juu, kwenye upepo. Nyumba ni ileile moja, kuta ni zilezile, ila ubaridi ule mtamu ulikuwa na ngazi yake, na si kila mtu aliruhusiwa kupumzika juu ya ngazi hiyo.

Na ujenzi wenyewe sio mchezo. Mawe yalikatwa pwani, mengine yakachimbwa baharini maji yakitoka. Chokaa ilipatikana kwa kurundika magogo, kuweka matumbawe juu yake na kuyachoma, kisha kuizimua kwa maji na kuiacha muda mrefu ikomae. Kazi iliyokula watu wengi zaidi ilikuwa sakafu ya dari. Juu ya boriti walipanga mawe, wakamwaga chokaa na kokoto, halafu likaja kundi zima, mara nyingi wanawake, wamekaa safu wakiipiga kwa vigongo vya mti taratibu. Siku baada ya siku. Kiswahili kina neno la kazi hiyo, kupigilia, na ilikuwa kazi ya nyimbo, maana bila wimbo mikono haiendi pamoja. Sakafu isipopigiliwa ikashikana, mvua ya masika inapita, boriti zinaoza, dari linakuja chini.

Milango mingine ya nakshi ya pwani yetu ina mwaka na jina la mwenye nyumba, limechongwa vizuri juu ya kizingiti. Jina la aliyepigilia sakafu halipo popote. Hata fundi aliyechonga zidaka, ambaye wageni leo wanapiga picha kazi yake, hatumjui. Ukweli ni kwamba wanawake wa ghorofani nao hawakuandikwa sana, ijapokuwa nyumba zilijengwa kwa ajili yao: binti akiolewa wazazi walimwongezea ghorofa au wakamjengea nyumba jirani, na kati ya nyumba mbili likapitishwa wikio, chumba cha juu kinachovuka kichochoro, ili wanawake wa ukoo watembeleane bila kushuka njiani. Kivuli cha wikio mpaka leo ndicho kinachompoza mpita njia.

Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria kwenye pwani ya Kenya. Kwa waliokuwa wanalala chini, hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko nakshi zote za mji. Kwa matajiri ilikuwa mwanzo wa tabu, maana nyumba ya mawe inataka mikono: chokaa ipakwe upya, sakafu ikipasuka ipigiliwe. Mikono ya bure ikawa haipo, na biashara ya mji nayo ilikuwa imeshuka. Nyumba nyingine zikaachwa zikawa magofu, nyingine zikaezekwa makuti au bati juu ya kuta zilezile za kale.

Baadaye ikaja saruji, na watu wakaona wameokoka. Kumbe ukuta wa matumbawe unapumua. Unyevu unaingia na kutoka kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inatokeza, plasta inabanduka vipande vipande na chumba kinanuka uvundo. Mafundi wanaokarabati Lamu sasa wanarudi kwenye chokaa, na safari hii wanalipwa. Nyumba kadhaa zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya, zimekuwa nyumba za likizo na hoteli ndogo, na wageni wanalala palepale juu, kwenye upepo.

Kwa anayejenga leo kwa tofali na bati, wadau, mengi ya Lamu hayahitaji mtumwa wala utajiri. Madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite. Kibaraza chenye kivuli mbele ya mlango. Rangi nyeupe nje badala ya ile ya kahawia inayomeza jua. Jiko la mkaa litolewe nje, hata kama ni kibanda cha makuti tu. Na kwenye tangi la maji la wazi, samaki wawili watatu. Katika baadhi ya nyumba za Lamu samaki hao bado wapo birikani, isipokuwa maji siku hizi yanafika kwa bomba.