Chumvi ya Haluli: Historia ya Dawa ya Kufungua Tumbo, kutoka Epsom mpaka Sinza

Neno haluli ni la zamani katika Kiswahili cha pwani. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Unguja, alilitia katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870, akalieleza kuwa ni salfeti ya magnesi. Kamusi sanifu ya mwaka 1939, iliyotungwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, nayo inalo. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni uleule uliotupa maneno halali na mahali. Maana ya kwanza ya mzizi huo ni kufungua fundo. Msafiri afunguapo mizigo hupata mahali. Jambo lililofunguliwa katazo huwa halali. Na dawa ifunguayo tumbo lililofunga ndiyo haluli.

Jina hilo linaeleza kazi ya dawa kwa ukamilifu, kwa maana haluli hufungua, wala haina kazi nyingine ndani ya tumbo. Lakini kwa karne nyingi watu wametaka ifanye zaidi ya hayo. Wametaka itoe homa, isafishe damu na iondoe sumu mwilini. Historia ya chumvi hii, tangu ilipojulikana Ulaya mpaka inapouzwa leo katika maduka ya Sinza, yaonyesha kwamba madhara yake mengi yametokana na tamaa hiyo.

Chanzo cha tamaa hiyo ni elimu ya tiba ya Wayunani, ambayo Waarabu waliipokea, wakaikuza na kuieneza mpaka mwambao wa Afrika ya Mashariki. Elimu hiyo ilifundisha kwamba mwili una maji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Moja likizidi mengine, mtu huugua, na dawa ni kulipunguza kwa kutapisha, kuumika au kuharisha. Kiswahili kimehifadhi maneno ya elimu hiyo hata baada ya elimu yenyewe kusahauliwa. Balghamu ni makohozi mpaka leo, na safura, ambalo kwa Kiarabu ni jina la ile nyongo ya manjano, limekuwa jina la ugonjwa wa minyoo unaomaliza damu.

Hata hivyo, mabingwa wa kale hawakuharisha watu ovyo. Maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates yalitahadharisha juu ya kumharisha mgonjwa katika siku za joto kali, na matabibu wa Kiarabu waliofuata waliweka masharti juu ya umri na nguvu za mgonjwa. Wazo kwamba kuharisha ni kusafisha maradhi lilidumu miongoni mwa watu, bali masharti yake yalipotea njiani.

Dawa za kuendesha zilizojulikana pwani kwanza zilitokana na mimea. Sanamaki ni sana ya Maka, majani yaliyoletwa na mahujaji na wafanyabiashara. Shubiri, ambayo uchungu wake umekuwa mfano katika lugha, ni utomvu wa mshubiri uliokaushwa. Mafuta ya mbarika, ambayo wengi Tanzania huyaita mafuta ya nyonyo, yalipatikana karibu kila mahali. Dawa hizo zote huuchochea utumbo ujikunje na kusukuma. Chumvi hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa.

Chumvi hiyo ilijulikana Uingereza katika mji mdogo wa Epsom, kusini ya London. Husimuliwa kwamba mnamo mwaka 1618 mchungaji mmoja aliona ng'ombe wake, ingawa wana kiu, wakikataa maji ya kisima fulani kwa sababu ya uchungu. Watu walioyanywa wakaharisha, na kwa muda mfupi Epsom ikawa mahali pa kwenda kutafuta afya. Mwaka 1695 Nehemiah Grew, mtaalamu aliyesifika zaidi kwa uchunguzi wa mimea, alichapisha kitabu kwa Kilatini juu ya chumvi chungu ya maji hayo. Hapo haikuwa lazima tena kwenda kisimani, kwani chumvi iliweza kutiwa katika karatasi na kupelekwa po pote. Katika karne iyo hiyo Johann Rudolf Glauber, Mjerumani, alieleza chumvi nyingine ya namna hiyo, salfeti ya sodiamu, akaiita chumvi ya ajabu.

Kwa kweli ajabu yake ni moja tu. Chumvi hizi hazipenyi kwa urahisi katika kuta za utumbo. Zikikaa ndani huzuia maji yasiondoke, tena huvuta mengine kutoka mwilini. Utumbo hujaa, choo hulainika, na baada ya saa mbili hadi nne, pengine zaidi, mtu hupata haja. Maji atokayo nayo si uchafu uliokuwa umejificha, bali ni sehemu ya maji ya mwili wake mwenyewe. Hii ndiyo sababu dawa hii lazima inywewe pamoja na maji mengi, na maji yaliyotoka lazima yarudishwe.

Katika karne ya 19 wasafiri wa Kizungu waliopita Unguja kwenda bara walichukua dawa za kuendesha kama walivyochukua bunduki na shanga. Vidonge vya David Livingstone vya kutibu homa vilichanganywa jalapu, rubabu, kalomeli na kwinini. Vitatu vya kwanza ni vya kuendesha, na ni kwinini peke yake iliyopigana na malaria. Henry Morton Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872, alieleza kwamba alipopata homa alikunywa dawa ya kuendesha usiku, na asubuhi yake akaanza kwinini, punje kumi na tano kwa mafungu matatu. Wote wawili waliamini kwamba tumbo lazima lifunguliwe kwanza. Leo yajulikana kwamba kumpotezea maji mgonjwa wa homa ni kumwongezea udhaifu.

Hospitali na zahanati za wakati wa ukoloni ziliitumia chumvi ya haluli kwa kazi iliyokuwa na maana zaidi. Ugonjwa wa safura ulitibiwa kwa thimoli, na baada ya mwaka 1921, Maurice Hall alipoonyesha nguvu zake, kwa kaboni tetrakloridi. Dawa hizo zilikuwa sumu kwa minyoo na kwa mtu pia. Thimoli huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo waganga walionywa wasiifuatishe mafuta ya mbarika yasije yakaiingiza mwilini. Chumvi ilichaguliwa kwa kuwa iliweza kuisukuma sumu nje pamoja na minyoo iliyokufa. Basi safura ya matabibu wa kale, iliyokuwa nyongo, na safura ya zahanati, iliyokuwa minyoo, zote mbili ziliagizwa dawa ya kuharisha. Tofauti ni kwamba mara ya pili kazi ya chumvi ilijulikana: haikuponya, ilisaidia dawa iliyoponya.

Wakati huo huo Ulaya ilikuwa imeirudia imani ya zamani kwa sura mpya. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 waganga wengi walishika kwamba choo kikikaa tumboni hutoa sumu inayoingia katika damu. William Arbuthnot Lane, mpasuaji mashuhuri wa London, alifikia hata kuwatoa wagonjwa utumbo mpana. Mwaka 1919 Walter Alvarez, Mmarekani, aliandika kuipinga nadharia hiyo, akionyesha kwamba kichwa kuuma na uchovu wa aliyefunga choo huletwa na kujaa na kutanuka kwa utumbo, na ndiyo maana huondoka mara tu baada ya haja. Sumu ingekuwa katika damu isingeondoka kwa dakika chache. Nadharia ilikufa katika vyuo, lakini yaendelea kuishi katika matangazo ya dawa za kusafisha tumbo na kutoa sumu.

Sinza ni mahali panapofaa kutazama urithi huo ulivyo leo. Mtaa huu ulipimwa viwanja katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Ulikuwa sehemu ya Kinondoni mpaka Manispaa ya Ubungo ilipoanzishwa katika miaka ya 2010. Una hospitali ya umma, ile iitwayo Palestina, na maduka mengi ya dawa. Mwenye kufunga choo hupita dukani kabla ya kwenda hospitali, na hilo si kosa. Serikali yenyewe ilitambua kazi ya maduka ilipoanzisha mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ulioanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, ili wauzaji wafundishwe na kukaguliwa. Lakini faida ya mafunzo hayo hupotea ikiwa mnunuzi hulipa na kuondoka bila kuulizwa wala kuuliza.

Mambo ya kuulizwa si mengi. Kwa mtu mzima mwenye afya, miongozo ya Uingereza hutaja gramu 5 hadi 10 za chumvi ya haluli katika bilauri nzima ya maji, kabla ya chakula cha asubuhi. Maziwa ya magnesia, yaliyoanza kutengenezwa na Charles Henry Phillips huko Marekani katika miaka ya 1870, ni ya jamii iyo hiyo, na kipimo chake hufuatwa kama kilivyoandikwa katika chupa. Ni dawa za siku chache. Atakayeona azihitaji kila juma, haja yake ni daktari, na kabla ya hapo maji, mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa na kutembea. Magnesi pia huzuia baadhi ya dawa zisiingie mwilini, kama doksisaiklini na siprofloksasini, kwa hiyo zisinywewe kwa wakati mmoja. Pakiti nyingine za chumvi hii zimetengenezwa kwa kuogea tu, nazo hazifai kunywewa.

Kusoma jina la dawa si jambo dogo. Katika karne ya 19 watu kadhaa Uingereza walikufa kwa sababu waliuziwa asidi ya oksaliki, iliyotumika kusafishia viatu na kofia, mahali pa chumvi ya Epsom. Chembe zake zafanana sana. Chumvi nyeupe iliyofungwa katika karatasi isiyo na maandishi ina hatari iyo hiyo leo.

Wenye kukatazwa hasa ni wagonjwa wa figo. Magnesi kidogo inayopenya katika damu hutolewa na figo. Figo zikiwa dhaifu hujikusanya. Nguvu yake ndani ya damu yajulikana vizuri katika wadi za wazazi, kwani salfeti ya magnesi iyo hiyo, ikipigwa sindano, ndiyo kinga na tiba ya kifafa cha mimba. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002, uliohusu wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulithibitisha kwamba hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini mkunga hupima goti na pumzi za mama kila mara, kwa maana ikizidi hulegeza misuli na mwisho huzuia kupumua. Mzee mwenye figo dhaifu anayekunywa haluli nyumbani hana mtu wa kumpima goti. Wagonjwa wa moyo, wajawazito na watoto wadogo nao wasipewe bila shauri la daktari.

Tena kuna tumbo lisilofaa kufunguliwa kwa dawa. Mtu mwenye maumivu makali, anayetapika, aliyevimba tumbo au asiyetoa hata hewa, huenda utumbo wake umeziba au kidole tumbo kimevimba. Katika miaka ya 1930 waganga wa Philadelphia waliendesha kampeni ya kuwaambia watu wasimpe mgonjwa wa namna hiyo dawa ya kuendesha, kwa sababu ilionekana wazi kwamba waliopewa walikufa zaidi. Huyo apelekwe hospitali. Hali kadhalika choo chenye damu, au kufunga choo kulikoanza uzeeni pamoja na kukonda, hakufai kufichwa kwa chumvi.

Kazi moja ambayo kusafisha utumbo ndiyo shabaha yenyewe ni maandalizi ya kupimwa utumbo mpana kwa kamera au kupasuliwa. Zamani mgonjwa alishindishwa na njaa siku kadhaa, akapewa mafuta ya mbarika na chumvi, akatoka hoi. Mwaka 1980 wachunguzi wa Marekani walitangaza mchanganyiko wa polietilini glaikoli na chumvi chumvi, unaonywewa kama lita nne, ambao hupita tumboni bila kuvuta wala kupoteza maji mengi ya mwili. Chumvi za fosfeti zilipendwa kwa kuwa ni chache kunywa, lakini zikaonekana kuwaharibu wengine figo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo kali mwaka 2008, na mwaka 2014 ikaonya tena juu ya kunywa zaidi ya kipimo kimoja kwa siku. Kwa hiyo mgonjwa wa Sinza aliyepewa siku ya kipimo Muhimbili au hospitali nyingine yo yote hatakiwi kujitafutia dawa ya badala dukani. Anywe ile aliyoandikiwa, kwa saa alizoandikiwa, pamoja na maji yote aliyoagizwa, na kabla ya hapo aseme kama ana ugonjwa wa figo, moyo au kisukari.

Wazee waliolipokea neno haluli walilipokea kwa maana ya kufungua. Maana ya kusafisha maradhi iliongezwa na wengine, na kila ilipoongezwa kuna mgonjwa aliyelipa kwa maji ya mwili wake. Chumvi hii ingali dawa nzuri na rahisi kwa mtu mzima mwenye afya aliyefunga choo siku mbili tatu. Haijawahi kuwa zaidi ya hapo.