Madirisha ya Buffalo yaliyotawanyika

Kwa fundi wa vioo vya rangi, dirisha lililopasuka ni kazi ya kawaida. Kazi ngumu ni dirisha lililouzwa. Nyumba ya Darwin Martin mjini Buffalo, jimbo la New York, imeyajua yote mawili.

Martin alianza kuuza sabuni za kampuni ya Larkin akiwa bado mtoto, akapanda hadi kuwa miongoni mwa wakubwa wake. Mwaka 1903 alimpa kazi msanifu Frank Lloyd Wright, na ndani ya miaka michache pakasimama makazi yenye madirisha na milango ya vioo vya rangi ipatayo 400, iliyotengenezwa na kampuni ya Linden ya Chicago. Mchoro mmoja, ambao watu baadaye waliupachika jina la Mti wa Uzima, una vipande zaidi ya 750 katika dirisha moja.

Humo huoni watakatifu wala malaika. Kuna miraba midogo chini, mashina yaliyonyooka kama rula, na matawi ya pembe kali juu. Kati yake kuna kioo kisicho na rangi, ili aliye ndani aione bustani bila mpita njia kumwona yeye.

Mistari hiyo ndiyo iliyomfanya Wright aiache risasi, inayoshikilia vioo vya makanisa mengi. Risasi ni laini. Jua na uzito wa vioo huipinda taratibu. Badala yake alitumia zinki, ambayo ni ngumu, hainepi. Ila kwa fundi wa leo ugumu huo ni adha: huwezi kufunua ukingo wake, ukachomoa kipande kilichovunjika na kuchomeka kingine. Hulazimika kwanza kutandaza karatasi juu ya dirisha na kuisugua kwa penseli ili kila mstari ujichore, kisha ayeyushe lehemu, afungue na kuvipa vipande namba. Kusafisha nako kwataka mkono mwepesi, kwa maana mng'ao wa vioo vile ni utando mwembamba wa chumvi za metali, na brashi ngumu yaweza kuukwangua usirudi tena.

Anguko la soko la hisa la 1929 lilimfilisi Martin. Alifariki mwaka 1935, na miaka miwili baadaye mkewe Isabelle akahama. Kwa miaka 17 nyumba ilibaki tupu, ikiporwa. Msanifu aliyeinunua mwaka 1954 aliiokoa, lakini sehemu ya kiwanja iliuzwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kibanda cha mimea, banda la magari ya farasi na ujia mrefu uliounganisha majengo vikabomolewa. Madirisha mengi yakaishia kwa wakusanyaji na makumbusho.

Majengo yaliyobomolewa yalijengwa upya na kukamilika mwaka 2007. Vioo vilitafutwa kimoja kimoja; kisipopatikana cha asili, ilitengenezwa nakala. Wapo wanaokereka na nakala. Mimi naona dirisha la Wright lililotundikwa ukutani mwa makumbusho, taa ya umeme nyuma yake, limekosa kitu ambacho nakala ya Buffalo inacho: bustani upande wa pili.