Kwa nini nesi anasomeshwa Agano la Kale?

Ndugu na jamaa zangu wote, niko huku Minnesota kwenye baridi. Najua nimekuwa kimya muda mrefu, mniwie radhi, zamu za usiku zimenibana. Leo nimeona niandike kwa sababu mdogo wangu, mtoto wa Baba Mdogo, amepata nafasi ya kusoma unesi kwenye chuo cha Kikristo huku. Tumeshukuru Mungu. Lakini wiki iliyopita alinitumia orodha ya masomo akauliza: "Dada, hawa hawajanichanganya na mtu mwingine? Mimi nimeomba unesi, wao wananipa dini, historia, falsafa, sanaa na mazoezi ya viungo!"

Nilicheka mpaka mwenzangu wa zamu akaja kuangalia kuna nini. Kisha Baba Mdogo mwenyewe akapiga simu, na yeye hakuwa anacheka. Aliuliza: "Mwanangu, hizo za dini na sanaa, nani anazilipia?"

Ni swali la haki kabisa. Mwaka 2010 nilipoondoka Singida, Baba aliuza ng'ombe wanne, na Shangazi akatoa fedha yote ya alizeti ya msimu ule. Mimi mwenyewe muhula wa kwanza nilikaa darasani nikisikiliza habari za manabii, nikawa napiga hesabu: kipindi hiki ni sawa na ng'ombe nusu. Kwa hiyo Baba Mdogo, naomba nikujibu kwa kirefu, maana jibu lenyewe ni historia.

Waliosoma kidato cha tano na sita wanaikumbuka GS, lile somo la jumla ambalo kila mtu alilisoma, awe PCB au HKL. Wengi tulilisoma usiku wa kuamkia mtihani. Ukishaingia chuo kikuu kwetu unaanza moja kwa moja fani yako, kwa sababu tulirithi utaratibu wa Waingereza. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kilianza na sheria. Aliyekuja kusoma sheria alisoma sheria. Wamarekani njia yao ni nyingine. Digrii yao ya kwanza kwa kawaida ni krediti kama 120, na sehemu kubwa si ya fani yako. Ni masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi lazima ayapitie, awe mhasibu au mpiga piano.

Haya yalianzia wapi? Harvard, chuo kikongwe kuliko vyote hapa, kilianzishwa mwaka 1636, na kazi yake kubwa mojawapo ilikuwa kuandaa wachungaji. Wanafunzi wote walisoma mambo yaleyale: Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, mantiki. Hapakuwa na kuchagua. Mwaka 1828 watu walipoanza kulalamika kwamba Kilatini hakijengi reli wala hakifanyi biashara, walimu wa Yale walitoa ripoti maarufu ya kukitetea. Walisema kazi ya chuo ni kuinoa akili kwanza, ufundi utafuata baadaye.

Hoja hiyo ilisimama miaka mingi, kisha akaja Charles Eliot, mwanakemia aliyekuwa rais wa Harvard kuanzia 1869 hadi 1909. Yeye alifungua milango: mwanafunzi achague anachotaka. Wengi wakafurahi, ila wapo waliochagua masomo mepesi tu, leo hili kesho lile, wakatoka na digrii bila kujua kitu chochote kwa kina. Aliyemfuata, Lawrence Lowell, akaweka utaratibu ambao mpaka leo ndio mfumo wa vyuo vingi: soma jambo moja kwa kina, halafu gusa na maeneo mengine kwa lazima. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Columbia wakaanzisha mwaka 1919 somo la lazima kuhusu ustaarabu na matatizo ya dunia ya wakati ule. Baada ya watu kuuana vile, walimu walijiuliza kama elimu ya ufundi peke yake inatosha. Mwaka 1945, vita ya pili ikiwa inaisha na askari wanarudi kusomeshwa na serikali, Harvard ikatoa kitabu kilichosema raia wa nchi huru anahitaji elimu ya jumla, si ya kazi tu.

Vyuo vya makanisa navyo vina hadithi yao. Huku Minnesota walihamia Waswidi na Wanorwe, wakulima maskini tu, wengi Walutheri. Waswidi wakaanzisha shule mwaka 1862 ambayo leo ni Gustavus Adolphus College. Wanorwe wakaanzisha St. Olaf mwaka 1874, ndipo alipofundisha miaka mingi Mtanzania mwenzetu, Profesa Joseph Mbele. Chuo nilichosoma mimi sikitaji, lakini ni cha ukoo huohuo. Watu wale walitaka watoto wao wapate Kiingereza na kazi, lakini wasipoteze imani, ndiyo maana somo la dini limebaki mpaka leo.

Sasa hapa ndipo niliposhtuka. Siku moja kwenye somo la historia ya wahamiaji, mwalimu akataja Augustana, sinodi ya Walutheri wa Kiswidi wa Marekani. Nikakaa wima. Augustana! Si ndio hao waliokuja kwetu Iramba miaka ya 1920? Si ndio walioanzisha hospitali ya Kiomboi na ya Iambi? Mama alinizaa Iambi. Nilikuwa nimesafiri dunia nzima kuja kukaa darasani na wajukuu wa watu waliotoa sadaka ikajenga wodi niliyozaliwa. Hilo singelipata kwenye kitabu cha anatomia.

Lakini bado Baba Mdogo atasema: sawa, mchungaji asome hayo, nesi ya nini? Ngoja nimweleze na historia yetu manesi. Nesi wa kwanza aliyehitimu mafunzo rasmi hapa Marekani, Linda Richards, alihitimu mwaka 1873. Kwa miaka mingi baada ya hapo shule za unesi zilikuwa mali ya hospitali. Wasichana waliitwa wanafunzi, lakini ukweli walikuwa vibarua: walifanya kazi wodini kutwa nzima na usiku, na darasa lilikuja wakiwa hoi. Daktari aliamuru, nesi akatii. Hakuna aliyeona haja nesi ajue historia au saikolojia.

Mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Minnesota kikafungua shule ya unesi ndani ya chuo, jambo lililokuwa geni. Mwaka 1923 Ripoti ya Goldmark ikaanika jinsi hospitali zilivyokuwa zikiwatumia wanafunzi, na mwaka huohuo Yale ikafungua shule yake ya unesi. Mwaka 1948 Esther Lucile Brown naye akasema unesi uhamie vyuoni. Na mwaka 1965 chama cha manesi wa Marekani kikatamka kwamba nesi kamili anapaswa kuwa na digrii. Mpaka leo wapo wanaoingia kazini kwa kozi ya miaka miwili, na mtihani wa leseni ni uleule. Ila New York mwaka 2017 walipitisha sheria kwamba manesi wapya wapate digrii ndani ya miaka 10. Kwa hiyo nesi kukaa darasa moja na mwanafalsafa ni kitu ambacho waliotutangulia walikipigania. Hatukupewa bure.

Nimalizie na kisa kimoja cha wodini. Nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asijulikane. Tulikuwa na mgonjwa, mzee wa Kidakota, yaani wenyeji wa asili wa nchi hii. Ilikuwa Disemba, Krismasi imekaribia. Mzee hakuwa msumbufu, ila alishikilia kwamba tarehe 26 lazima awe ametoka. Hali yake haikuruhusu. Wenzangu wakaandika kwamba mgonjwa ni mbishi.

Mimi nikakumbuka darasani. Mwaka uleule wa 1862 Waswidi walipoanzisha shule yao, Wadakota walikuwa wakifa njaa, kwa kuwa ardhi yao ilichukuliwa kwa mikataba na malipo waliyoahidiwa hayakufika. Vita ikazuka. Ilipokwisha, zaidi ya watu 300 walihukumiwa kifo. Rais Lincoln akawapunguza, na tarehe 26 Disemba 1862, katika mji wa Mankato, wanaume 38 wa Kidakota wakanyongwa kwa pamoja, siku moja.

Nikaketi kando ya kitanda, nikamuuliza taratibu: "Mzee, ni kwa ajili ya Mankato?" Akaniangalia kitambo kirefu. Akaniuliza mimi mtu wa wapi. Nikamwambia. Akasema babu wa babu yake alikuwa miongoni mwao. Hatukuweza kumruhusu, lakini asubuhi ya tarehe 26 tulipanga dawa na vipimo vyake visimguse, tukazima televisheni, tukafunga mlango. Familia yake ikaja kukaa naye. Baada ya hapo hakuna aliyemwita mbishi tena, na dawa zake alikunywa.

Baba Mdogo, ile krediti ya historia ndiyo ililipwa na alizeti ya Shangazi. Naona ilifanya kazi.

Hata hivyo mdogo wangu, usilipe mara mbili kwa ujinga kama nilivyofanya mimi. Sikiliza haya:

Kwanza, tafuta masomo yanayohesabiwa pande mbili. Saikolojia, sosholojia na takwimu mara nyingi yanatimiza masharti ya unesi na ya jumla kwa pamoja.

Pili, tuma matokeo yako ya kidato cha sita yakaguliwe kabla hujajiandikisha. Vipo vyuo vinavyotoa krediti kwa matokeo hayo.

Tatu, kama wanadai lugha ya kigeni, uliza kama Kiswahili chako kinakusamehe. Usianze Kihispania kwa haya tu.

Nne, usibebe anatomia na kemia muhula mmoja kama unaweza kuepuka. Na usidhani dini ni ya kupumzikia, insha zake zilinitoa machozi.

Tano, na hili liandike ukutani: ukitaka kusoma somo likizo kwenye chuo cha bei nafuu, pata ruhusa ya msajili kwa maandishi kwanza. Mimi nilisoma, nikafaulu, nikaambiwa halihesabiwi kwa kuwa sikuomba. Fedha ile niliipata kwa kuosha vyombo bwaloni, miezi miwili.

Basi ndugu zangu, zamu inaniita. Baba Mdogo, nipigie Jumapili baada ya ibada tuzungumzie ada. Shangazi, salamu zako za pekee. Mbakie salama.